Viraka vya makusudi: mwongozo kamili wa kuanza sanaa ya mkono kwa mabaki ya kitenge

Ukipita katikati ya mji wa Moshi jioni, saa kumi na mbili hivi, utawakuta mafundi cherehani wanafunga kazi barazani mbele ya maduka. Kabla ya kuinua cherehani na kuiingiza ndani, fundi hufagia. Kinachofagiliwa ndicho nilichokuja kukizungumzia: vipande vya kitenge, vingine upana wa kiganja, vingine vyembamba kama mkanda wa saa, vimechanganyika na nyuzi na vumbi. Kesho yake vingi huwa vimekwenda jalalani au vimewashia jiko la mkaa.

Mimi naviomba, mwaka wa sita sasa. Nimevishona foronya, mifuko ya sokoni, vitambaa vya meza na blanketi moja la mtoto wa dada yangu. Sikusomea ushonaji wala sanaa. Mchana nashika vitabu vya hesabu vya duka, na viraka ni kazi ya baada ya chakula cha jioni. Nataka nikupitishe njia nzima, kuanzia kuomba mabaki mpaka uwe na foronya ya mto wa kochi yenye viraka 16, iliyoshonwa kwa sindano ya mkono bila cherehani. Foronya ni ndogo kiasi cha kumalizika, na ni kubwa ya kutosha kukufundisha.

Neno kiraka wengi wetu tumekua tukilionea haya. Mama akikutia kiraka kwenye kaptula ya shule alitafuta kitambaa kinachofanana, akashona kwa ndani, akaomba Mungu kisionekane. Hapa tunakwenda kinyume chake: kila kiraka kinaonekana na kila kimoja umekichagua. Wala hatuanzi sisi. Husimuliwa kwamba kanga yenyewe ilizaliwa hivyo katika karne ya 19, wanawake wa Unguja na Mombasa waliponunua leso za Kireno zikiwa bado hazijatenganishwa, wakaziunga tatu juu na tatu chini zikawa nguo moja ya kujitanda. Hata neno leso tumelipata kwa Wareno. Nguo tunayomfunika nayo mzazi na kumbebea mtoto mgongoni ilianza kwa kuunga vipande.

Kuna watakaoniambia, "Mimi sina kipaji." Nawajibu kwa mfano wa Edward Saidi Tingatinga. Alizaliwa wilaya ya Tunduru, akaanza kuchora Dar es Salaam mwaka 1968. Turubai ya kuchorea hakuwa nayo, rangi za wasanii hakuwa nazo. Alichora juu ya hadibodi kwa rangi za kupakia baiskeli, maana ndizo alizozipata. Alifariki mwaka 1972, na leo mtindo wenye jina lake unauzwa kwenye kila duka la vinyago Moshi na Arusha. Alichukua kilichokuwepo akakaa nacho, siku baada ya siku. Kukaa na kitu namna hiyo kila mtu anaweza kujifunza, na hapo ndipo jicho linapofunguka.

Kuomba mabaki

Chagua fundi mmoja, usizunguke kwa kumi. Anayeshona magauni na suti za kike za kitenge ana mabaki mengi kuliko anayeshona sare za shule. Nenda katikati ya wiki. Kuanzia Alhamisi fundi anakimbizana na nguo za harusi za Jumamosi na hana nafasi ya kukusikiliza. Salamu kwanza, shida baadaye. Mimi na fundi wangu tulianza hivi:

"Shikamoo, fundi."

"Marahaba, mwanangu. Leo tunashona nini?"

"Leo sishoni, baba. Nilikuwa naomba, ukifagia, vile vipande usivitupe. Nitavipitia Ijumaa."

"Vya kufanyia nini?"

"Vya viraka."

Akanitazama kidogo, kisha akainama akavuta kiroba kizima kutoka chini ya meza. "Chukua. Vimenijaa hapa hata miguu sina pa kuweka."

Kama fundi anayatumia mwenyewe mabaki yake, kuna wanaojazia mito na wanaofutia mashine, usimbembeleze. Tafuta mwingine. Na usiende mikono mitupu kila mara. Chapati mbili na chai ya maziwa siku ya Ijumaa zimenifanya nikatiwe hata vipande vikubwa ambavyo angeweza kuvitunza.

Nyumbani, mwaga kiroba sakafuni, ukae chini navyo. Hii ndiyo saa ninayoipenda kuliko zote. Utasoma habari za mji humo. Ukikuta kitambaa kilekile kimejitokeza kwenye vipande vingi, hapa mkato wa shingo, pale wa kwapa, kule pindo la sketi, ujue wiki hiyo kulikuwa na sendofu na kina mama walivaa sare. Ukikuta kipande kimoja tu cha kitambaa ghali, ni mtu aliyejishonea peke yake. Nina daftari ninalobandika ncha ya kila kitambaa kipya, ukubwa wa stempu, na chini yake naandika mwezi na ninachokikumbuka. Anza daftari lako siku hiyohiyo. Usipoliandika sasa, baada ya mwaka hutakumbuka rangi zilikuwa zinakuvuta wapi.

Gawa mafungu matatu. Vipande vyenye angalau sentimita 12 kila upande ni vya viraka. Vyembamba virefu viwekee mikanda na vishikio vya mifuko. Vidogo kabisa visivyofaa kitu, usivitupe. Tia kwenye kiroba chao. Tutavihitaji mwishoni.

Kupima kwa moto na maji

Hatua hii watu huiruka, na mimi niliiruka. Foronya yangu ya kwanza niliishona wiki tatu. Nilikuwa nimechanganya vipande vya rangi ya maziwa na vya damu ya mzee, vikapendeza mno. Fuo la kwanza tu, damu ya mzee ikachuja. Nilipoitoa kwenye beseni, weupe wote umekuwa waridi lenye mabaka. Nilikaa na foronya ile mbichi mapajani kwa muda mrefu bila kusema neno. Lakini kuvunjika kwa koleo siyo mwisho wa uhunzi: nilifumua viraka vinne vilivyoharibika zaidi, nikaweka vya kahawia, na bado ninayo.

Kwa hiyo pima kabla. Kwanza ujue kitambaa ni pamba au kimetiwa poliesta. Chomoa nyuzi chache, zishike kwa kibanio juu ya bakuli la maji, uziwashe kwa kiberiti. Pamba huwaka kama karatasi, hunuka kama karatasi iliyoungua, na majivu yake ni laini. Poliesta hujikunja ikiukimbia moto, huyeyuka, na huacha kidonge kigumu. Usikiguse kikiwa cha moto, na kama una watoto fanya kazi hii mwenyewe. Kwa foronya ya kwanza tumia pamba tupu. Vitambaa vya aina mbili havirudi sawa vikifuliwa, na pasi inayoinyoosha pamba vizuri inaweza kuiyeyusha poliesta.

Kisha rangi. Loweka kipande pamoja na kitambaa cheupe kwenye maji ya vuguvugu yenye sabuni kwa robo saa, vikamue pamoja, vianike. Kitambaa cheupe kikibaki cheupe, umepona. Kikipata rangi, fua kile kipande peke yake halafu upime tena. Mara tatu zikipita bado kinachuja, kiachie kazi isiyofuliwa, kama kadi au jalada la daftari.

Hata kisichochuja kifue. Kitenge kipya huwa na ugumu wa kiwandani unaoondoka na maji, na pamba hurudi kidogo fuo la kwanza. Ni afadhali irudi sasa kuliko baada ya kushonwa. Anika kivulini, piga pasi kikiwa bado na unyevunyevu.

Kukata

Chukua boksi gumu, la biskuti au la viatu, ukate pateni ya mraba wa sentimita 12 kwa 12. Pima kwa rula, na hakikisha pembe zimesimama sawasawa kwa kulinganisha na pembe ya kitabu kipya. Pateni ikiwa imekwenda upande, foronya nzima itakwenda upande. Sentimita moja kila upande italiwa na mshono, kwa hiyo kila kiraka kitabaki sentimita 10 kwa 10. Vinne kwa vinne ni sentimita 40, ukubwa wa kawaida wa mto wa kochi.

Kabla ya kuweka pateni, vuta kitambaa kwa vidole viwili. Ukikivuta kufuata nyuzi zake hakitanuki sana. Ukikivuta mshazari kinanyumbuka kama mpira. Kingo za pateni zifuate nyuzi, hata kama ua la kitenge litakaa kwa kuinama. Kiraka kilichokatwa mshazari kitatanuka ukishona, na pembe zako hazitakutana kamwe.

Chora kwa penseli kwenye kitambaa cheupe, na kwa kipande chembamba cha sabuni iliyokauka kwenye cheusi. Sabuni hutoka ikifuliwa. Mkasi wa kitambaa usikatie karatasi, karatasi huuondolea makali.

Kata viraka 24, usikate 16. Hii ndiyo sentensi ningependa uikumbuke hata ukisahau nyingine zote. Ukikata 16 utashona ulichonacho. Ukikata 24 italazimu vinane viachwe, na kila unapoacha kimoja unajiuliza kwa nini. Swali hilo ndilo shule yenyewe. Ubunifu ambao watu huudhani ni kitu cha kuzaliwa nacho, mimi niliupata hapo, kwa kuulizwa na vipande vinane nilivyoviweka pembeni.

Kiraka cha mlima

Kimoja kati ya hivyo 24 kiwe cha kitambaa kisicho na maua, shuka la mtumba la rangi moja linatosha. Mashuka hayo hayakosekani Memorial na Kiboriloni, masoko ya mitumba ya hapa Moshi. Hiki ni cha kuchora kwa uzi.

Kwa siku saba, asubuhi kabla mawingu hayajaufunika, simama mahali pamoja hapa Moshi utazame mlima Kilimanjaro. Chora kwenye daftari mstari mmoja tu bila kuinua penseli: Kibo upande wa kushoto, bapa na mpana, mita 5,895, bonde lililo katikati, kisha Mawenzi kulia, iliyochongoka, mita 5,149. Sekunde 30 zinatosha. Siku ya kwanza utachora mlima wa kwenye kalenda, ule unaoujua kwa kuuona kila mahali. Ikifika siku ya nne au ya tano unaanza kuchora unachokiona: kwamba Mawenzi haina ncha moja, kwamba mteremko wa Kibo kushoto ni mrefu mno, hauishi. Kama uko Arusha, mlima Meru unakungoja vilevile.

Chagua mstari mmoja kati ya saba, uunakili kwa penseli kwenye kiraka chako, kisha uutarizi kwa uzi uliokunjwa mara mbili. Usichague ulio sahihi zaidi. Chagua ule ambao mkono wako ulikuwa mwepesi.

Kupanga

Tandika shuka la rangi moja kitandani. Weka viraka 16, vinne kwa vinne, bila kufikiri sana. Rudi nyuma hatua tatu.

Kwa mara ya kwanza karibu kila mtu huona fujo, na hudhani tatizo ni rangi. Mara nyingi tatizo ni mwanga: vyeusi vimerundikana upande mmoja, vyeupe upande mwingine, au vyote vina uzito mmoja na jicho halina pa kushika. Piga picha kwa simu, kisha kwenye sehemu ya kuhariri picha uitoe rangi ibaki nyeusi na nyeupe. Utashangaa. Nyekundu na kijani ulizodhani zinapingana zinaweza kuonekana kijivu kilekile. Kama huna simu ya aina hiyo, finya macho mpaka uone ukungu. Kazi ni ileile.

Gawa viraka vyako vizito na vyepesi. Ukiwa na vinane kwa vinane, vipange kwanza kama bao la drafti, kizito, chepesi, kizito. Upige picha. Kisha vipange mshazari, ngazi ya vizito ikishuka kutoka pembe hadi pembe. Upige picha. Halafu weka vinne vyepesi katikati na 12 vizito kuzunguka, ukichukua vya kuongezea kutoka kwenye vile vinane vya pembeni. Ni karibu vipande vilevile, lakini picha tatu zinasema mambo matatu: ya kwanza inachangamka, ya pili inatembea, ya tatu ina taa ndani yake.

Likishakaa suala la mwanga ndipo uziangalie rangi, kisha ukubwa wa maua. Kitenge chenye maua makubwa kikipakana na kingine cha maua makubwa vinagombana. Kati yao weka chenye vitone vidogo au kisicho na kitu. Kiraka chako cha mlima kina kazi hapa, macho yatapumzikia hapo. Usikiweke katikati kabisa.

Nikupe mfano mmoja wa karibu. Mwezi uliopita nilikuwa na kiraka cha samawati ambacho mkasi ulikuwa umekata duara kubwa la manjano katikati, likabaki nusu. Nusu duara hiyo ilikaa vibaya kila nilipoiweka, kama mlango ulioachwa wazi. Nilikuwa karibu kukitoa. Kabla ya kukitoa nikakizungusha robo, ile nusu ikaelekea kulia, ambako kiraka jirani kilikuwa na mkanda wa manjano unaopita pembeni. Ghafla duara limefungika. Vitambaa viwili vya viwanda tofauti, vya magauni ya watu wasiojuana, vimekamilishana kwenye kitanda changu. Nilikaa navyo mpaka chai ikapoa. Kwa hiyo, kabla ya kukiondoa kiraka, kizungushe mara nne.

Usishone siku hiyo. Ulale, uamke, uangalie tena kwa mwanga wa asubuhi. Taa ya ndani huidanganya bluu na zambarau. Ukiridhika piga picha ya mwisho na uandike namba kwa penseli nyuma ya kila kiraka, 1 mpaka 16, kuanzia juu kushoto. Mtoto mmoja akipita na mlango ukafunguka na upepo, utashukuru kwa zile namba.

Kushona

Unahitaji sindano nyembamba ya mkono, uzi wa pamba au wa cherehani wa rangi ya kijivu au ya maziwa, pini, mkasi na pasi. Kata uzi usiozidi urefu wa mkono wako, kutoka ncha za vidole mpaka begani. Uzi mrefu hujifunga mafundo na kukumalizia subira.

Chora mstari wa mshono nyuma ya kila kiraka, sentimita moja kutoka ukingoni, pande zote nne. Chukua kiraka namba 1 na namba 2, vielekezane uso kwa uso, nyuma ziwe nje. Piga pini pembe ya juu, ya chini na katikati. Hakikisha kila pini imetokea juu ya mstari wa upande wa pili. Kama hujawahi kushika sindano, piga bandi kwanza, mishono mirefu ya muda ya kushikilia, halafu utaifumua.

Mshono wenyewe ni wa kurudi nyuma. Toboa, tokea milimita tatu mbele. Rudi uingie ulipoanzia. Tokea milimita sita mbele. Rudi tena milimita tatu. Upande unaoutazama utaonekana kama umepigwa cherehani, na hauachii hata uzi ukikatika sehemu moja. Mwanzo na mwisho rudia mishono mitatu mahali pamoja.

Unganisha 1, 2, 3 na 4 viwe mstari mmoja. Fanya hivyo kwa mistari yote minne. Kisha pasi, na hapa kuna siri ndogo: mstari wa kwanza na wa tatu, laza mishono yote kuelekea kushoto, wa pili na wa nne, kuelekea kulia. Utakapoziweka safu mbili uso kwa uso, vinundu vya mishono vitapishana na kukumbatiana kama meno ya zipu, na pembe nne zitakutana bila kulazimishwa. Piga pini katikati kabisa ya makutano kabla ya pini nyingine yoyote.

Jumla, utakuwa umeshona kama sentimita 270. Kwa mishono ya milimita tatu ni karibu mishono 900. Dakika 20 au 30 kila jioni, na hutaona umefika lini. Mishono 100 ya mwanzo itakuwa mibaya. Usiifumue isipokuwa imelegea. Ukifika ya 600 linganisha na ile ya mwanzo, utaona mkono wako ulivyojifunza.

Mgongo wa foronya

Hapa ni kazi rahisi. Kata vipande viwili vya shuka la mtumba, kila kimoja sentimita 42 kwa 28. Kila kipande kinapindwa ukingo mmoja mrefu: kunja sentimita moja, kunja tena moja, shona. Laza uso wa viraka ukitazama juu, weka vipande viwili vya mgongo juu yake vikitazama chini, kingo zilizopindwa ziwe katikati zikipandana sentimita 10. Piga pini, shona mzunguko mzima sentimita moja kutoka ukingoni, kwenye pembe nne shona mara mbili. Kata ncha za pembe bila kugusa uzi, kisha geuza kwa kupitia ule mpasuko wa katikati. Hakuna zipu, hakuna kifungo.

Kama sindano hukuipenda

Wapo wasioipenda sindano, na si kosa. Huku kwetu una kitu kingine cha bure: maganda makavu ya mgomba, yale yanayojivua kwenye shina. Yana rangi zote za udongo, kuanzia majani makavu ya mpunga hadi kahawa iliyokaangwa, na mstari wa nyuzi zake ni mzuri kuliko wowote utakaouchora. Yachukue wakati wa ukame, omba ruhusa kwa mwenye kihamba, yaani shamba la migomba la nyumbani, ukate yaliyokauka tu. Yafute kwa kitambaa chenye unyevu, yaanike juani siku mbili ili wadudu watoke, yabane chini ya vitabu vizito siku tatu. Kisha kata kwa wembe, bandika kwenye karatasi ngumu kwa gundi nyeupe ya mbao iliyolainishwa na maji kidogo, na bana tena usiku mzima.

Anza na umbo moja ulirudie mara kumi. Mimi nilianza na jani la isale, ule mmea wa mipaka ya vihamba ambao Mchaga huuchukua mkononi anapokwenda kuomba msamaha. Jani refu, limechongoka, rahisi kukata. Kufikia la kumi nilikuwa nimeacha kulikata liwe sawa na jingine, nikawa natafuta ganda ambalo tayari lina mkunjo wa jani ndani yake. Sheria ya 24 kwa 16 inafanya kazi huku pia: kata mengi, bandika machache.

Kujaza

Kile kiroba cha vipande visivyofaa kitu sasa kina kazi. Shona mfuko wa ndani wa shuka, vipande viwili vya sentimita 42 kwa 42, ukiacha mdomo wa sentimita 10. Vikate vipande vyako vidogo zaidi, visizidi ukubwa wa kidole gumba, maana vikubwa hufanya mabonge na mto utakaa kama gunia la viazi. Anza kujaza pembeni, kisha katikati, ukichanganya na pamba ya mto wa zamani kama unayo, kwa sababu vitambaa vitupu huwa vizito. Ziba mdomo kwa mkono, vika foronya. Ikichafuka, igeuze ndani nje, uifue kwa maji baridi, uianike kivulini.

Foronya yangu ya kwanza iliyokamilika bila kuchuja nilimpelekea fundi Ijumaa moja, kabla hajafagia. Aliifuta mikono kwanza kwenye suruali, akaipokea, akaigeuza nyuma kuangalia mishono kama mafundi wanavyofanya. Kisha akaanza kuweka kidole juu ya kiraka kimoja baada ya kingine. "Hili gauni la mama wa bwana harusi. Hii ni ya yule mwalimu, alinisumbua mabega mara tatu. Hii…" Akafika kwenye kiraka cha kijani cha mstari wa tatu, kidole kikasimama. "Hii ni ya mke wangu."

Akaipeleka nyumbani.